Ng'ombe wa Kushuka Duarani

Mume wangu Makoye hajui kudanganya. Akiwa na jambo zito la kuniambia, anaosha vyombo. Siku aliyotaka kumwoza dada yake kwa mtu tusiyemjua aliosha sahani zote mpaka zile za wageni. Kwa hiyo jioni ile nilipotoka kwenye kibanda changu cha kushonea na kukuta sufuria zimepangwa ukutani zinang'aa, hata ile ya ugali iliyokuwa na ukoko wa tangu juzi, nilivuta kiti nikakaa. Nilimwambia aseme tu, maana kesho ni mimi nitakayezichafua tena.

Alifuta mikono kwenye suruali, akatoa karatasi kwenye bahasha ya kaki na kuzilaza mezani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Ilikuwa fomu ya mkopo. Shilingi milioni kumi na tano, dhamana nyumba yetu hii tunayokaa, hapa Geita. Yeye alishasaini. Imebaki saini yangu, kwa sababu nyumba ya familia haiwekwi rehani mpaka mke akubali. Namshukuru sana aliyetunga sheria hiyo, sijui ni nani.

Pesa ilikuwa ya duara. Kwa asiyejua huku kwetu, duara ni shimo la kuchimbia dhahabu, linaloshuka chini kuliko kisima chochote ulichowahi kuchungulia. Duara la Makoye lipo Nyarugusu. Yeye hashuki, mwili wake haupiti. Yeye ni mfadhili. Analisha wachimbaji, ananunua kamba, magogo ya kuegemeza kuta na mafuta ya pampu ya kutoa maji. Siku jiwe lenye dhahabu likitoka, mifuko inagawanywa kati ya mwenye ardhi, wachimbaji na yeye. Mpaka siku hiyo ifike, kazi yake ni kutoa tu.

Na alikuwa ametoa kwa misimu miwili. Ilikwenda pikipiki, yakaenda mahindi ya shambani, ikaenda televisheni ambayo sikuililia sana. Meneja wa duara, Marselino, ni mtu mwema, hashushi vijana wake chini kabla hawajapiga ishara ya msalaba. Sijawahi kumdhania wizi. Tatizo lake ni maneno mawili, "bado kidogo", na mume wangu akiyasikia kwenye simu anakuwa kama mtu aliyeitwa kula.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, kila anayenijua anajua. Nilimuuliza marejesho ya mkopo yanaanza lini. Akasema mwezi ujao. Nikamuuliza jiwe linatoka lini. Akasema bado kidogo. Hapo nilisimama, na jirani yetu akapunguza sauti ya redio yake ili asipitwe. Nilimwambia Makoye kwamba waliotoa hizo fomu hawamjui Marselino wala hawana habari na mwamba. Wao mwezi ukiisha wanataka chao, riba juu yake, na duara haliwezi kulipa kwa mwezi kwa sababu duara halijui mwezi. Mkopo wa marejesho ya kila mwezi unabebwa na kitu kinacholeta pesa kila mwezi, na nyumba hii nzima kitu hicho ni kimoja tu, cherehani yangu. Kwa hiyo mkopo ni wake na deni ni la cherehani.

Makoye hakubishana. Huwa habishani, na ndiyo maana nikigombana naye nachoka peke yangu. Alisema kwa upole kwamba wakiacha sasa, kila kilichokwisha kuingia kitakuwa kimepotea. Kisha akaniwekea chakula.

Sikulala na njaa, lakini sikula kwa furaha. Niliiangalia nyumba. Watu wanaona matofali na bati. Mimi naona sare za shule. Dirisha la jikoni ni sketi za darasa la kwanza za mwaka ule walimu walipobadilisha rangi. Bati lote la mbele ni kaptula. Vyumba viwili vya kupangisha vilivyofika kwenye linta vikakwama, vilikwama mwaka ambao duara lilianza. Hakuna tofali humu nisilolijua, na Makoye ndiye aliyebeba maji ya kuyafyatulia, hilo nalo nakiri.

Asubuhi yake nilikwenda kugombana na Khatija. Duka la familia yake lipo njia ya kwenda stendi, anauza kamba, mabuti ya mpira, pampu, kila kinachoshuka chini. Naye huwa anafadhili maduara, anatoa bidhaa na kulipwa mifuko ya mawe jiwe likitoka. Niliamini yeye na wenzake ndio wanaowatia wanaume wetu wazimu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akaniletea chai ya tangawizi, kisha akaniambia kwamba duara la Makoye halijalipa bidhaa za mkopo tangu mvua za vuli. Hana chuki nalo, alisema, ila limefika mwisho wa fungu lake. Nikamuuliza fungu gani. "Mama Nelly, mimi duarani natia kile ambacho nikikikosa, Jumatatu nafungua duka kama kawaida. Kikizidi hapo, hata waniambie dhahabu inaonekana kwa macho, nabaki nakunywa chai."

Nilitoka pale nikiwa na hasira zaidi, kwa sababu alikuwa amesema kweli na nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Njiani nikawa nawaza jinsi ya kumwambia Makoye maneno yale yakaingia. Shilingi hazimwingii. Ukimwambia milioni kumi na tano anaitikia tu, kama anavyoitikia taarifa ya habari. Lakini Makoye ni Msukuma wa upande wa Maganzo, na ana ng'ombe. Mwambie ng'ombe ishirini, ataweka kijiko chini.

Kwa hiyo nilirudi nyumbani nikamwambia hivi: "Nitasaini. Ila kwanza twende kwa ng'ombe, unionyeshe kwa kidole wale watakaoshuka duarani jiwe lisipotoka. Marejesho tutalipa kwa kuuza hao, siyo kwa nyumba. Ukishawachagua, nasaini siku hiyohiyo."

Alifurahi mno mpaka nikaona aibu kwa ajili yake. Alinishika mabega akasema amepata mke. Akaenda kununua sukari, majani ya chai na kanga mbili za kuwapelekea watu tunaokwenda kuwaona, akapiga pasi shati lake la drafti. Mwanaume alikuwa anakwenda kuchagua ng'ombe wa kupoteza na alipiga pasi.

Mimi ni Mzinza. Kwetu tulilima mihogo, ng'ombe tuliwaona wakipita. Nilipoolewa ndipo nilipojua kwamba Msukuma mwenye akili halazi ng'ombe wake wote boma moja. Wengine anawakabidhi kwa rafiki wa kijiji kingine, wengine kwa rafiki wa mbali zaidi. Wenyewe wanaita kubilisa. Rafiki anawachunga, maziwa ni yake, samadi ni yake, na mara mojamoja anapewa ndama wa shukrani. Mwenye ng'ombe anaweza kukaa Geita akihesabu kodi za wapangaji, na bado kila asubuhi ng'ombe wake wanakwenda malishoni mahali tofauti. Wa Makoye wapo sehemu mbili, kwa Enock nje ya Kahama, na kwa Mayala kule Maganzo.

Kwa Enock tulifika mchana. Mkewe alitukaribisha kwa maziwa ya mgando na mimi nikasema wabeja, neno la shukrani ninaloliweza vizuri kuliko yote, akacheka lafudhi yangu. Kisha tukaenda bomani, na hapo nikamwona mume wangu ambaye Geita huwa simwoni. Alibadilika hata mwendo. Ng'ombe wale wana majina, na majina yote yanatokana na mambo yaliyotokea wakizaliwa. Kuna Sensa, aliyezaliwa siku waandikaji walipopita kuhesabu watu. Kuna Umeme, aliyezaliwa nguzo zilipofika kijijini. Kuna fahali anaitwa Mkandarasi, kwa sababu mama yake alianza uchungu barabarani mbele ya greda.

Nikamwambia achague. Akasema Sensa ana mimba, huwezi kuuza wawili kwa bei ya mmoja. Umeme ndiye anayenyonyesha, na maziwa yake ndiyo wanayokunywa watoto wa Enock, kumtoa sasa ni kumnyima mtu ujira wake. Mkandarasi analima. Yule mweusi alikuwa ametoka kuugua, angeuzwa kwa hasara. Yule mwingine, ndama, alikuwa mtoto. Enock alisimama pembeni ameshika fimbo, hakuelewa tunatafuta nini, lakini kila Makoye alipomtetea ng'ombe mmoja alitikisa kichwa kukubali. Mwishowe Makoye alisema kwamba hapa pagumu, tutachagua kwa Mayala. Nilisema sawa. Nilikuwa nimeweka nadhiri ya kutoongeza neno, na kwa mtu kama mimi hiyo ni kazi kubwa kuliko kushuka duarani.

Mayala alicheza na Makoye tangu wakiwa hawavai viatu. Anakaa nyuma ya Maganzo, ukishaacha barabara na wale wanaume wanaokuonyesha almasi kwenye karatasi ya sigara. Aliwahi kuchekecha almasi mwenyewe, akaacha, akarudi kwenye mpunga na ng'ombe, na mdomo wake haujawahi kupumzika tangu hapo. Aliniita shemeji akaniuliza kama Geita wamenipa dhahabu ya kumletea. Nilimwambia aulize aliyenioa.

Tulikaa nje kula. Watoto wa Mayala walitaka hadithi, na Makoye, ambaye hashawishiki kwa kitu kingine, alianza kuwasimulia kwa nini ng'ombe wake wako hapa kwao na wengine Kahama. Nilikuwa sijawahi kuisikia yote. Baba yake, alisema, alikuwa na boma kubwa kuliko yote kijijini, na alipenda lionekane. Watu wakimshauri agawe wengine kwa marafiki, alijibu kwamba mtu anayetawanya ng'ombe zake anataka kuonekana maskini. Mwaka mmoja ukaja ugonjwa, ukaingia boma lile. Ng'ombe walipoisha, Makoye aliacha shule, akaenda kuchunga ng'ombe wa watu wengine mpaka akapata ndama wake wa kwanza. "Tangu siku hiyo," aliwaambia watoto, "sijawahi kulaza ng'ombe wangu wote mahali pamoja. Hata waniambie boma lina malaika mlangoni."

Watoto walifurahia malaika. Mayala alikuwa anatafuna mfupa, akauweka, akauliza kwa utani wake wa kawaida, bila kujua anachokifanya: "Na huko kwenye dhahabu, una maduara mangapi?"

Makoye alicheka. Kisha akaisogeza sahani yake pembeni, chakula kikiwa bado kimo. Mimi nilikuwa na hotuba nzima kichwani, niliitunga njia nzima kutoka Geita, yenye Khatija na riba na cherehani ndani yake, na niliimeza yote na wali. Nilisema tu kwamba jua linapungua, aende akachague.

Aliingia bomani peke yake. Nilisimama nje ya miti ya uzio nikimwangalia. Alipita kati yao, akamshika huyu nundu, akamkuna yule chini ya shingo, akawaita. Wengine waligeuka. Alizunguka mara nyingi kuliko ilivyohitajika kwa mtu anayehesabu. Alipotoka alikuwa ameweka mikono yote mifukoni, kidole chenyewe hakikuonekana.

"Sikumwona," alisema.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, Mama Nelly."

Hapo nilishindwa kuitunza nadhiri yangu. Sikupiga kelele. Nadhani kama ningepiga kelele angevumilia vizuri zaidi. Nilimwambia: "Ng'ombe hujaona hata mmoja wa kutoa. Nyumba uliiona mara moja. Ni kwa sababu ng'ombe wana majina, na nyumba yangu hujawahi kuipa jina?"

Alishika mti wa uzio. Alikuwa mtu mzima wa kilo nyingi na macho yalimjaa machozi, na sikumtazama usoni kwa sababu ningeanza na mimi. Akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema miaka yote ya ndoa. Alisema ng'ombe aliowahi kuwatoa kwa mkono wake mwenyewe, bila mtu kumsukuma, ni wale waliokwenda kwa baba yangu. Wa mwisho katika mahari ile alikuwa Sikukuu, yule ndama wake wa kwanza, aliyezaliwa Krismasi, aliyempata kwa kuchunga ng'ombe za watu. Hao wengine wote wametokana na wanawe. "Sikukuu nilimtoa nikiwa nacheka," alisema. "Niliona nimepata zaidi."

Namkumbuka ng'ombe huyo. Baba yangu hakujua hata kukamua. Mwezi wa kwanza wa ndoa yetu mume wangu alikuwa anatoroka kila Jumamosi kwenda ukweni, na mimi nilijua ameshanichoka, kumbe anakwenda kumfundisha baba mkwe kumkamua Sikukuu asiumie. Nilipogundua nilitukana siku nzima kwa furaha.

Tulirudi Geita na fomu ikiwa bado kwenye bahasha. Makoye ndiye aliyeichana, akaiwashia jiko la mkaa. Lakini duara lilikuwa bado lipo, na Marselino alikuwa bado anapiga simu. Nilijua nikimwambia aliache kabisa, atakuwa ananiangalia mimi kila anaposikia kuna mtu Nyarugusu amepata, mpaka tuzeeke. Kwa hiyo tulikaa mezani, tukakubaliana. Sehemu yake ya duara aiuze kwa wafadhili wengine, wapo wenye mifuko mirefu wanaotafuta. Abakize kidogo, kumi katika kila mia ya iliyokuwa yake, asiongeze tena hata bei ya kamba. Hiyo kidogo niliiita pesa ya ndoto. Mwanaume wa Geita bila ndoto ya dhahabu anaugua, na mimi sina muda wa kuuguza.

Alipata mnunuzi. Haikurudi yote iliyoingia, hata nusu haikurudi, na siku ya kuhesabu aliihesabu tena na tena. Nilimwambia iliyopotea imeshapotea, tusiitume nyingine kwenda kuitafuta. Tulianza kwa kumlipa Khatija. Kisha tukatenga chakula na ada za miezi mitatu, tukaiweka benki mahali ambapo hatuigusi mpaka mtu augue au cherehani ife. Nyingine ilipandisha vile vyumba viwili kutoka kwenye linta mpaka bati, na mwalimu mmoja na muuguzi mmoja wakahamia, wanalipa kodi inayokuja kila mwezi kama marejesho yanavyotaka. Nikamwambia Makoye kwamba siku tukitaka kukopa, tutakopa kiasi ambacho kodi ile inaweza kukibeba huku sisi tunakula, na tutasoma fomu yote, mpaka maandishi madogo ya chini.

Kilichobaki Nelly, binti yetu anayesoma chuo Shinyanga, alituelekeza tununue vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ambako watu wengi wanaweka pesa kidogokidogo na wataalamu wanazigawa kwenye hati fungani na hisa za kampuni mbalimbali. Makoye aliuliza vipande hivyo vinalala wapi. Nelly akamweleza kwa simu, kwa subira ambayo hakuirithi kwangu, kwamba vingine vinalala huku na vingine kule, havilali pamoja, na mwaka mwingine vinaweza kushuka kabla ya kupanda. Makoye alifikiri. "Kumbe ni kubilisa," alisema, na hakuuliza tena.

Halafu jiwe likatoka.

Lilitoka msimu wa kuvuna mpunga, Jumanne, duara lilelile. Niliisikia habari kabla ya Makoye kuniambia, kwa jirani wa redio, aliyekuja kununua uzi ambao hakuuhitaji. Alisema mifuko imepanda juu mpaka watu wanaimba, na kwamba yule aliyenunua sehemu ya Baba Nelly ameshaagiza gari. Alisema hivyo huku ananitazama usoni kuona nitafanyaje. Nilimpa chenji yake.

Makoye alikuwa ameshaondoka na bodaboda kwenda Nyarugusu. Sijawahi kushona vibaya kama siku ile. Nilishona mkono wa shati upande wa ndani, nikaufumua, nikaushona tena ndani. Sikuogopa umaskini, tulikuwa tunakula. Niliogopa uso wake akirudi. Nilijua hatapiga kelele, hatasema ni wewe, ataosha vyombo tu. Nilijua ataosha vyombo kimya mpaka siku ya kufa kwetu, na nitakuwa nimeokoa nyumba ili nikae humo na mtu anayenisamehe kila siku.

Alirudi jua likiwa bado juu. Nilimsikia akimlipa wa bodaboda. Hakwenda jikoni. Alisimama mlangoni mwa kibanda changu amebeba kopo la rangi na burashi mpya, vyote vya dukani kwa Khatija, na nikamuuliza kama amekasirika, kwa sababu siwezi kungoja.

"Kwenda nilikasirika, njia nzima," alisema. "Nilipofika nikamkuta yule aliyenunua. Marselino ameshamwonyesha pa kuchimba duara jingine, na yeye ameshakubali, anaweka pesa yote humo. Hata hilo gari wanalolisema hajaliagiza. Nikamwangalia, Mama Nelly, nikajiona mimi. Kurudi sikukasirika."

Akaniambia fungu letu dogo limetoa kiasi, siyo cha gari, ila cha kununua mtamba mmoja mzuri na kuongeza vipande kidogo. Mtamba ataanza kukaa kwa Mayala, na atakuwa wangu, ameshamwambia Mayala kwa simu kwamba kwa huyo haulizwi yeye, anaulizwa shemeji. Niliuliza rangi ni ya nini. Alichukua kile kiti changu cha kushonea, ambacho ni cha kushonea, siyo cha kupandia, akakipeleka mbele ya nyumba, akapanda.

Makoye aliacha shule mapema na herufi zake ni kubwa na zinalala upande. Aliandika polepole, ulimi nje, juu ya mlango wa mbele, chini ya bati la kaptula. Rangi ilidondoka kwenye ngazi niliyoisakafia mwenyewe, na nilimwambia, na hakugeuka. Jirani alitoka akauliza kama tunafungua baa. Wapangaji wakatoka. Mimi nilisimama katikati ya njia na utepe wa kupimia ukiwa shingoni, nikisoma herufi moja baada ya nyingine kadiri zilivyokuja, mpaka neno likatimia: SIKUKUU.

Alishuka akarudi nyuma kuangalia kama limenyooka. Halikunyooka. Alisema sasa nayo ina jina, mtu yeyote akimwomba aitoe itabidi aitaje kwanza, na hataweza.

Nilimwambia afute ngazi kabla rangi haijakauka. Kisha nikaingia ndani kuosha vyombo.